Taa ya Hodi

Niboye, Kigali

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua kama ningekuwa hapo ningeinama mbele yako, ungeiona shikamoo midomoni mwangu bila kuisikia, na bado ungenijibu marahaba kwa ile sauti yako ya kujaza ua mzima. Sauti hiyo ndiyo ninayoikosa kuliko kitu chochote huku.

Goti linaendeleaje? Na kifua? Mama aliniambia baridi ya mvua hizi ilikusumbua, ukawa unakohoa asubuhi. Yeye mwenyewe kila nikimuuliza hali yake ananijibu "sisi wazima tu," kisha anahamia bei ya mchele. Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu zetu ni za Mama kusikia na wewe kuelezwa kwa vidole, na ninavyomjua Mama, nusu ya maneno anayaacha njiani kwa kuona si ya lazima. Mimi nina jambo ambalo ni la lazima. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usihangaike na miwani.

Mimi ni mzima. Bado nipo saluni ileile ninayosukia. Wateja wapo, na mikono inauma ile ya kawaida. Milima ya huku sijaizoea mpaka leo. Kwetu Kahama mtu akisimama mlangoni anaona mbali mpaka macho yachoke, huku macho yanagota kwenye kilima kingine. Jioni nikirudi kazini huwa nasimama kidogo nje ya geti na kutazama taa za kilima cha Rebero zikiwaka moja moja upande wa pili, na kila nyumba naipa watu wake. Huyu anapika, huyu anamwogesha mtoto, na yule pale ni Baba yuko mezani kwake na redio imefunguliwa tumbo. Halafu naingia ndani kupika chakula cha mtu mmoja.

Mwenye nyumba wangu nilishakusimulia, Mama Domitila. Ni mama mtu mzima, mjane, amekulia Bujumbura, kwa hiyo Kiswahili tunasikilizana ingawa chake kina ladha yake. Mimi ananiita Kabura, kwa kuwa wengi huku l na r zinabadilishana viti. Anashona sare za shule chumbani kwake, upande wa mbele wa ua, nami nimepanga chumba cha nyuma. Kitu ambacho sikukusimulia, Baba, ni kwamba hasikii. Masikio yalimfunga akiwa mtu mzima, baada ya kuugua, kama wewe. Anaongea vizuri kabisa. Mimi namwandikia kwenye simu yake, anasoma, ananijibu kwa mdomo. Mwanzoni sikutaka kukwambia kwa sababu niliona ni kama nakuonyesha kidonda chako kwa mtu mwingine. Sasa utaona kwa nini nimebadilisha nia.

Mama Domitila ana taa ya mlangoni. Mwanawe wa kiume alimletea alipokuja likizo kutoka Ulaya. Ni kidude cheupe cha plastiki, ukubwa wake kama kipande cha sabuni ya kufulia, kinachomekwa kwenye soketi ya ukutani. Ndani yake mna vitaa vidogo vya LED. Getini kuna kitufe chenye betri ndogo ya saa, hakina hata waya. Mgeni akibonyeza, taa ya ndani inamulika, inazima, inamulika, chumba kizima kinajua mtu amekuja. Mama Domitila anaweka kitambaa chini, anavaa kandambili, anakwenda kufungua. Nilipohamia nilishangaa jinsi mtu asiyesikia alivyokuwa akifika getini mapema kuliko mimi mwenye masikio.

Mwanzoni mwa mvua taa hiyo ikaanza kufifia, kisha ikazima kabisa. Yeye hakusema. Nadhani hakujua kwamba imekufa. Taa isiyomulika kwa mtu asiyesikia maana yake ni kwamba hakuna aliyekuja, basi. Mimi nilichokiona ni mabadiliko yake. Alikuwa mtu wa kunisimamisha uani na kunieleza habari za mtaa mzima, sasa akawa ananipita. Cherehani ilinyamaza mchana. Siku moja nilimkuta ameketi kwenye kigoda, mikono mapajani, nikamwandikia kwenye simu, "Unaumwa, Mama?"

"Siumwi," akasema. "Watu wamenichoka, Kabura. Hata Spesioza. Jumapili ngapi hakuja? Nimekuwa muzee, nimekuwa kiziwi, nani anataka kuzungumuza na ukuta?"

Spesioza ni rafiki yake tangu Bujumbura, walikuwa wakichota maji pamoja wakiwa wasichana. Anakaa huko Rebero, mtelemkoni, na kila Jumapili baada ya misa alikuwa akija na ndizi au chochote, wanakaa hadi jua linapungua. Spesioza hajui kusoma, kwa hiyo simu kati yao haina kazi. Wao ni wa kukaa uso kwa uso, yule akisema polepole na huyu akimsoma midomo.

Siku ya mapumziko yangu nilikuwa nafua uani nikasikia geti linagongwa. Nilikuwa na povu hadi kwenye viwiko. Nikangoja Mama Domitila atoke, hakutoka. Nilipofika getini nikamwona mama mmoja na kitambaa cha sare kwapani, tayari anashuka barabara. Nilimwita, hakugeuka. Nikabonyeza kile kitufe mwenyewe, halafu nikachungulia dirishani. Mama Domitila alikuwa ameketi palepale, anatazama taa, na taa haikuwaka.

Baba, nilisimama pale dirishani nikakumbuka maneno ya Mama kwenye simu. Aliniambia, "Baba yako siku hizi anasema marafiki wamemsahau. Ameifunika meza yake ya redio kwa shuka, anashinda kule nyuma peke yake nikienda sokoni." Nilipoambiwa hivyo nililaani marafiki zako kimoyomoyo, Mzee Ntobi akiwa wa kwanza. Sikuwa nimefikiri kitu kingine. Pale dirishani ndipo nilipofikiri.

Nikamwambia Mama Domitila kwamba taa yake ni mbovu na nitaitengeneza. Alinitazama vidole. "Weye unasuka nywele," akasema. Nikamwandikia: "Baba yangu ni fundi redio. Nimemshikia tochi tangu nikiwa mdogo." Akakubali, lakini kwa uso wa mtu anayekubali ili nisiendelee kumsumbua.

Nilianza nje nikaja ndani, kama ulivyokuwa ukifanya. Betri ya kitufe nikaweka mpya. Kinukta chekundu kwenye kitufe kikawaka, kwa hiyo kitufe ni kizima. Soketi nikaijaribu kwa chaja ya simu, ikachaji. Basi ugonjwa uko tumboni. Nikaichomoa, nikaiacha itulie ili umeme uliobaki ndani uishe, ndipo nikafungua skrubu.

Nilikwenda Kimisagara kutafuta mita na risasi ya kulehemu. Kule kuna vijana wa ufundi wamejipanga, na mmoja anaitwa Fabrice, ana meza ndogo imejaa chaja. Alipindua ile taa mara moja tu.

"Hii ni ya kutupa, dada. Hapa iko mpya."

Akanionyesha kengele ya mlango kwenye boksi lake. Nikamuuliza kama inamulika.

"Inaimba." Akaibonyeza, ikaimba wimbo mrefu wa kitoto.

"Mwenyewe hasikii," nikamwambia.

Aliizima ule wimbo ukiwa katikati. Akairudisha kwenye boksi, akaniuzia mita ya mtumba na kipande cha risasi, akanikopesha pasi yake ya kulehemu. "Ikikushinda, ulete," akasema.

Nyumbani nikajaribu vitaa kimoja kimoja kwa mita. Ni vidogo kama punje za mtama, kila kimoja kizima kinang'aa kidogo sana ukikigusa na ncha za mita. Kimoja hakikung'aa. Nikakisogeza kwenye mwanga wa mlango, nikaona nukta nyeusi katikati yake. Vyote viko kwenye mstari mmoja, umeme unapita kwa huyu kwenda kwa mwenzake, kwa hiyo kimoja kikiungua wote wanakosa. Nilichukua balbu mbovu ya LED, nikatoa vitaa vyake kwa kibano ninachonyolea wateja nyusi, nikajaribu hadi nikapata kinachofanana na wenzake, nikakilehemu. Mikono ya kusuka rasta nyembamba imenisaidia zaidi ya nilivyotarajia. Nikafunga, nikachomeka, nikaenda kubonyeza getini. Nikasikia sauti ya Mama Domitila kutoka ndani, anacheka peke yake. Alitoka, akaniambia niingie ndani, akaenda kubonyeza mwenyewe ili nimwambie kama inawaka, akarudi kutazama, akaenda tena.

Ningependa habari iishie hapo, lakini hukunifundisha kudanganya kuhusu kazi. Jumapili iliyofuata nilikuwa saluni. Niliporudi jirani yetu wa ukuta mmoja alinisimamisha. "Yule mama wa Rebero alikuja," akasema. "Amebonyeza, amegonga, ameita. Mwisho ameniachia ndizi akasema mumwambie Domitila, kama hanitaki aseme, mimi sirudi tena."

Niliingia ndani nikabonyeza. Taa ilikuwa imekufa tena.

Usiku ule nililala vibaya. Ningeacha taa ikiwa mbovu, angalau Mama Domitila angejua asiitegemee. Mimi nimemwambia iko sawa, na kwa neno langu ameketi siku nzima ya Jumapili akitazama ukuta mtupu. Nilitamani mno ungekuwa karibu. Sikuhitaji unitengenezee. Nilitaka tu ukae kwenye kigoda chako, uitazame, na uguno wako niusikie.

Asubuhi nikakumbuka kwamba kuna jambo nililolisahau ambalo wewe hukuwahi kulisahau. Mteja akikuletea redio, kabla hujashika bisibisi ulikuwa ukimuuliza: kabla haijafa ilikuwa inafanyaje? Mimi nilimfungua mgonjwa bila kumuuliza mwenyewe habari. Nikamwandikia Mama Domitila swali hilohilo.

Alifikiri. "Ilikuwa inachezacheza," akasema.

"Wakati gani?"

"Mgeni akibonyeza nami nikishona."

Cherehani yake ni ya mota, Baba, na inasimama palepale chini ya soketi. Akikanyaga, meza inatetemeka na ukuta nao. Nikaichomeka taa ikiwa imefungwa vizuri, nikamwomba jirani akae getini abonyeze bila kuachia, nami nikaigonga polepole ubavuni kwa mpini wa kitana changu. Ikazima. Nikagonga tena, ikawaka. Unajua nilivyojisikia. Nikaichomoa, nikangoja, nikafungua, na safari hii sikutazama vitaa. Nilitazama pale miguu ya plagi inapoingia kwenye bodi. Kuzunguka mguu mmoja risasi ilikuwa imepasuka duara jembamba kama unywele, na pembeni pamekuwa kahawia kwa cheche. Umeme ulikuwa ukikatika na kurudi, kukatika na kurudi, na kile kitaa kiliungua kwa sababu hiyo. Mimi nilikuwa nimezika maiti na kumwacha muuaji ndani.

Niliondoa risasi ya zamani, nikaweka mpya ikashika vizuri. Kisha nikaihamishia taa ukuta wa pili, mbali na cherehani, mahali anapoiona akiwa ameinamia kazi. Imeshona naye sare za shule nzima tangu hapo bila kucheza.

Lakini Spesioza hakuwa na habari ya risasi. Nikamwandikia Mama Domitila tuende Rebero. Alikataa. Alisema aliyekwenda ndiye arudi. Nikamwandikia kila kitu: kwamba alikuja, alibonyeza, aligonga, aliita jina lake, aliacha ndizi, na kwamba kosa la taa kufa mara ya pili ni langu. Alisoma, akarudia kusoma. Akaingia ndani, akatoka amevaa kitenge cha kanisani.

Tulipofika, Spesioza alikuwa anapepeta maharage mlangoni. Hakuinuka. Mama Domitila akasimama mbele yake, akasema kwa ile sauti ya juu ya mtu asiyejisikia, "Ulikuja?"

Spesioza akanyanyua uso ili midomo ionekane. Hata katika hasira hakusahau hilo. "Nilikuja. Nilikuja na tena nikakuja. Niligonga mpaka mukono ukauma. Nikasema, amenichoka."

"Mimi nilisema weye umenichoka."

Wakatazamana. Kisha Spesioza akasogeza ungo pembeni, akapangusa mahali pa kukaa kwenye mkeka. Mimi niliondoka nikatembea barabarani, kwa sababu hapakuwa na kazi yangu pale. Waliponiita tena maharage yalikuwa jikoni na wote wawili macho mekundu, wanabishana jina la mwalimu wao wa katekisimu.

Sasa, Baba, nifike kwenye lile la lazima.

Jioni ileile nilimpigia Masanja. Nikamwomba akamtafute Mzee Ntobi amuulize, bila kulaumu, kwa nini haji kwako. Masanja ni mdogo wangu na mara nyingi hutaka sababu kabla ya kufanya kitu, lakini hili alilifanya. Alimkuta gulioni. Mzee Ntobi alimwambia hivi, naandika kama Masanja alivyonieleza: "Nimekwenda kwa mwenzangu zaidi ya mara moja. Napiga hodi, kimya. Nikajua kwamba tangu masikio yamfunge hapendi kuonwa. Nikaona nimheshimu." Na fundi baiskeli wa pale kona amesema hayohayo. Na mwinjilisti amesema hayohayo.

Watu hawajakusahau, Baba. Wanapiga hodi. Wewe uko nyuma, Mama yuko sokoni, na mlango umefungwa.

Hii barua anakuletea Neema, msusi mwenzangu, anayekwenda kwao Nzega na atashuka Kahama kwa ajili yako. Anayo pia boksi dogo. Ni ile kengele ya Fabrice ya kuimba. Tuliifungua yeye na mimi mezani kwake Kimisagara, tukaiongezea vitaa vya LED vinavyomulika kitufe kikibonyezwa. Ilitukataa mara kadhaa kabla haijakubali, na Fabrice akagoma kuchukua kitu chochote kwa kazi yake. Wimbo tumeuacha, ili Mama naye asikie akiwa jikoni. Inatumia chaja ya simu. Masanja afunge kitufe mlango wa mbele, chini ya ukingo wa bati, mvua isikifikie, na taa ikae huko nyuma unakoshinda.

Utaiona risasi yangu imekaa nene, na waya mmoja nimeupitisha mahali ambapo wewe usingeupitisha. Ikikukera, ifungue. Na hilo ni jingine ninalotaka kusema. Uliifunika meza kwa sababu redio zinahitaji masikio, nami nakubali. Lakini taa hazihitaji masikio. Kahama nzima inatupa balbu za LED kwa sababu ya kitaa kimoja chenye nukta nyeusi. Zinahitaji macho, mkono usiotetemeka, na mtu wa kuuliza kabla haijafa ilikuwa inafanyaje. Mimi sikuamuru. Nasema tu shuka ile ni ya kitandani.

Nimeomba ruhusa ya kuja mwisho wa mwaka, na mwenye saluni hajakataa. Kuna siku nachoka na huu mji wa watu wanyamavu na barabara safi, natamani vumbi la nyumbani linikwaruze koo. Nitasafiri nikijua kuna mtu wa kunifungulia.

Nisalimie Mama, umwambie safari hii habari zangu atazipata kwako, si kwangu. Nisalimie Masanja na wifi yangu Joyce, na mtoto wao, mjukuu wako, ambaye bado sijamshika. Nisalimie Shangazi wa Isaka akija. Mzee Ntobi msalimie kwa heshima, na asijue kwamba nilimlaani. Mama Domitila anakusalimia. Ameuliza kama una mtu wa kukusomea midomo, nikasema unajisomea mwenyewe.

Ukinijibu, usiniandikie kwamba ninyi wazima tu. Niandikie nani alikuja, alikaa mpaka saa ngapi, na mlizungumza nini.

Mimi mwanao mshika tochi,

Kabula